Barua ya Wazi kwa Wanaopitisha Bajeti: Fedha za Mtoto Zina Tarehe

Kwa Waheshimiwa wanachama wa Kamati ya Bajeti na Makadirio ya Bunge la Taifa, na kwa Waheshimiwa wawakilishi wadi wa Bunge la Kaunti ya Jiji la Nairobi.

MINTARAFU: KUTOLEWA KWA FEDHA ZA HUDUMA ZA WATOTO KWA WAKATI WAKE

Waheshimiwa,

Mimi ni mweka hazina wa chama cha wazazi katika shule moja ya umma upande wa mashariki wa jiji hili. Kazi hii sikuiomba. Siku ya uchaguzi nilichelewa mkutanoni, na nilipoingia nikakuta nimekwisha kuchaguliwa. Daftari nililokabidhiwa lilikuwa na safu mbili: fedha tulizoahidiwa na fedha zilizotufikia. Baada ya mihula miwili niliongeza safu ya tatu kwa kalamu nyekundu, nayo ni ya tarehe. Ninawaandikia kwa ajili ya safu hiyo ya tatu, kwa kuwa katika vitabu vya makadirio mnavyoletewa kila mwaka sijaiona.

Katiba, katika Kifungu cha 221, inaitaka Hazina ya Taifa iwasilishe makadirio Bungeni angalau miezi miwili kabla ya mwaka wa fedha kwisha, yaani kufikia tarehe 30 Aprili, na inaitaka kamati yenu isikilize maoni ya wananchi kabla ya kutoa mapendekezo yake. Kaunti nazo hufuata kalenda iyo hiyo chini ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012. Ndiyo maana kila mwezi wa Mei kumbi za mitaa yetu hupangwa viti vya plastiki, tukaitwa kutoa maoni. Mjadala wa vikao hivyo, kwa ninavyoukumbuka, huwa wa kiasi tu: barabara hii ipewe ngapi, soko lile liongezewe ngapi. Sijapata kumsikia mtu, awe mwananchi au mheshimiwa, akiuliza fedha hizo zitatoka lini. Kwa barabara swali hilo pengine si la lazima sana, maana lami ikichelewa miezi mitatu barabara itakuwa mbovu kwa miezi mitatu zaidi, kisha itatengenezwa. Mtoto wa miaka minne hangoji hivyo. Muhula ukimpita, umempita.

Niruhusuni niwaeleze shule yetu ilivyo, kwa sababu naamini wengi wenu mnaijua sheria vizuri kuliko mnavyolijua geti letu. Ndani ya geti hilo moja mna serikali mbili. Madarasa mawili ya chekechea yaliyo karibu na tangi la maji ni ya kaunti, kwa kuwa Jedwali la Nne la Katiba limekabidhi elimu ya awali na vituo vya kulelea watoto kwa serikali za kaunti. Ukivuka uwanja hatua thelathini hivi, unaingia darasa la kwanza, na hapo mwalimu ameajiriwa na Tume ya Huduma ya Walimu na vitabu vimenunuliwa kwa fedha za serikali ya kitaifa. Upande wa pili tangu mwaka 2023 wapo wanafunzi wa sekondari ya msingi, nao wana mgao wao tofauti. Mtoto anapita katika mikono hiyo yote bila kubadilisha geti, na mzazi wake hajui, wala hapaswi kulazimika kujua, ni ofisi ipi iliyochelewa chaki zinapokwisha.

Mgao wa mtoto wa shule ya msingi, ule ambao walimu wakuu huuita kapitesheni, ni shilingi 1,420 kwa mwaka. Ukiugawa kwa siku ambazo shule huwa wazi, unapata takriban shilingi 8 kwa siku, ilhali andazi moja kwenye kibanda kilicho nje ya geti letu ni shilingi 10. Sitaki leo kubishana juu ya udogo wa fedha hizo. Ninachotaka mtazame ni safari yake. Kwa utaratibu uliozoeleka, nusu ya mgao hutakiwa kutolewa muhula wa kwanza, asilimia 30 muhula wa pili na asilimia 20 muhula wa tatu, na mpango huo una hekima, kwa kuwa Januari ndipo mahitaji yanapokuwa mengi. Lakini mwaka wa shule huanza Januari, na mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai. Nusu ile kubwa inahitajika katikati ya mwaka wa fedha, wakati ambapo Hazina tayari inahesabu upungufu wa kodi na kuandaa bajeti ya ziada, yaani marekebisho ya bajeti mwaka ukiwa unaendelea. Muhula wa pili umekaa juu ya mpaka wenyewe wa tarehe 30 Juni, mguu mmoja katika bajeti inayokufa na mwingine katika bajeti ambayo haijaanza kupumua. Muhula wa tatu unaanguka katika miezi ya mwanzo ya mwaka mpya wa fedha, wakati fedha bado zinatoka kidogo kidogo. Yaani katika mihula yote mitatu hakuna hata mmoja ambao kalenda ya Hazina na kalenda ya mtoto zimewahi kukaa pamoja kwa amani, na sidhani kama kuna mtu aliyekusudia iwe hivyo. Ni kalenda mbili zilizotungwa na watu wawili ambao hawakuketi meza moja.

Matokeo yake yamo katika wino wangu mwekundu. Upo muhula ambao fedha zilitufikia wiki ya pili kabla ya kufunga shule. Kwa wiki zote zilizotangulia mwalimu mkuu alikuwa akikopa: karatasi kwa mwenye duka la vitabu, maji kwa mwenye bauza, na subira kwa mlinzi wa usiku. Zilipofika zilikwenda moja kwa moja kulipa madeni, na mwenye duka alikuwa ameongeza chake kidogo kwa sababu ya kungoja. Katika vitabu vya serikali fedha hizo zilitolewa, na mkaguzi akija ataona risiti. Kwa watoto wa muhula ule hazikufika.

Jambo hili si la shule peke yake. Mwaka 2025 binti ya dada yangu alijifungua hapa jijini. Alipompeleka mtoto kliniki, akaambiwa chanjo ya kifua kikuu, ile ya BCG ambayo hudungwa mkono wa kushoto na kuacha kovu dogo, imekwisha, arudi wiki iliyofuata. Alirudi. Akarudi tena. Mnakumbuka kwamba mwaka huo nchi nzima ilikabiliwa na upungufu wa chanjo hiyo na ile ya polio. Mimi ndiye niliyemsindikiza mara ya tatu, na nilikishika kile kitabu cha mama na mtoto mikononi mwangu. Ukurasa wa chanjo una miraba, na kila mraba una mahali pa kuandika tarehe ya kudungwa na tarehe ya kurudi. Mraba wa kwanza kabisa ulikuwa mtupu. Muuguzi, mama wa makamo ambaye ni wazi alikuwa amechoka kuomba radhi kwa kosa lisilo lake, aliandika kwa penseli pembeni siku ya kujaribu tena, kwa penseli kwa sababu alijua kwamba huenda ataifuta.

Nilipokitazama kitabu kile niliona kitu ambacho sijakiona katika makadirio ya bajeti. Wizara ya Afya yenyewe imechapa kwamba mtoto ana tarehe: anapozaliwa, wiki ya 6, wiki ya 10, wiki ya 14, mwezi wa 9, mwezi wa 18. Serikali ile ile inayomdai mama kuzishika tarehe hizo ndiyo inayotakiwa kununua chanjo, na bajeti ya kuinunua haina hata tarehe moja.

Najua jibu nitakalopewa, kwa sababu nimeshalipata ukumbini. Hukusanyi fedha zote siku moja, mama. Kodi huingia polepole na Hazina hutoa kadiri inavyopata. Ni kweli, na mimi mwenyewe ninauza nguo za watoto na najua kwamba fedha za Desemba si za Februari. Lakini serikali ikitaka kushika tarehe, huishika. Deni la dola bilioni 2 ambalo Kenya ilikopa katika soko la kimataifa mwaka 2014 lilikuwa na ukomo wake mwezi Juni 2024. Sehemu kubwa ilinunuliwa mapema mwezi Februari mwaka huo, na iliyobaki ikalipwa ulipofika muda. Mwezi huo huo wa Juni barabara za jiji hili zilikuwa zimejaa vijana wakipinga Mswada wa Fedha, uliotarajiwa kuleta shilingi bilioni 346, na mswada ukaondolewa; deni halikuchelewa hata hivyo. Halikuchelewa kwa sababu Kifungu cha 214 cha Katiba kimeliweka deni la umma juu ya Mfuko Mkuu wa Serikali, likawa ni la kulipwa kwanza. Sisemi deni lisilipwe. Ninasema tu kwamba uwezo wa kulipa siku iliyotajwa tunao, na kwamba Katiba iyo hiyo, katika Kifungu cha 53, imesema masilahi ya mtoto yapewe uzito mkubwa kuliko yote katika kila jambo linalomhusu. Mkopeshaji ana tarehe na inaheshimiwa. Mtoto naye anayo, imechapwa katika kitabu cha kliniki na katika kalenda ya shule.

Nigusie hapa jambo moja kuhusu sisi wananchi, maana lawama si zenu peke yenu. Macho yetu huelekea Mswada wa Fedha, yaani kodi, na ni haki: mwaka 2024 tuliupigia kelele ushuru wa asilimia 16 juu ya mkate na tozo ya mazingira iliyokuwa iguse nepi, na mkasikia. Upande wa matumizi huwa tunauacha upite kimyakimya. Mswada wa kodi ulipoondolewa, pengo lake lilipaswa kuzibwa mahali fulani, nalo lilizibwa kwa mikopo zaidi na kwa kupunguza matumizi kupitia bajeti ya ziada, ambayo sikusikia ikijadiliwa kwenye matatu hata siku moja. Watu waliokuwa wakieleza vifungu vya mswada kwa ufasaha wa wakili mwezi Juni hawakuonekana mwezi Julai. Mimi pia sikuonekana.

Pamoja na hayo, tukisema mapema mnasikia, na nina ushahidi. Makadirio ya mwaka wa fedha wa 2025/26 yalipoletwa hayakuwa na fedha za mitihani ya kitaifa. Wazazi walishtuka, walimu wakasema, na kamati ya Bunge la Taifa ikarudisha shilingi bilioni 5.9 kabla ya bajeti kupitishwa. Nawapongeza kwa hilo bila kinyongo. Lakini jiulizeni kwa nini pengo lile lilionekana haraka vile. Lilionekana kwa sababu mtihani una siku yake, kila mtu anaijua, na kila mtu aliweza kupiga hesabu. Vitu ambavyo siku yake haijaandikwa popote hukatwa bila kelele.

Kwa hiyo ombi langu kuu ni hili. Makadirio ya taifa na ya kaunti yaambatishwe jedwali la tarehe kwa kila kifungu kinachomhusu mtoto moja kwa moja: mgao wa wanafunzi, chanjo, chakula cha shuleni, vifaa vya chekechea na mishahara ya walimu wake, sodo ambazo serikali iliahidi wasichana kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2017, na zile shilingi 2,000 kwa mwezi za kaya zinazolea mayatima. Juu ya hizo za mwisho ningeweza kuandika barua nyingine nzima, maana kiwango hicho hakijapanda kwa zaidi ya mwongo mmoja ilhali pakiti ya unga imepanda na kushuka na kupanda tena. Jedwali liseme fedha zitatoka wizarani au Hazina ya kaunti wiki gani, si robo gani ya mwaka, kwa kuwa robo ina wiki kumi na tatu na muhula mzima unaweza kufia ndani yake. Msimamizi wa Bajeti naye, ambaye ripoti zake hutuonyesha kila idara ilitengewa nini na ikatumia nini, aombwe aongeze safu ya siku zilizocheleweshwa. Ni kalamu nyekundu tu inayohitajika, na yangu iko tayari kuazimwa.

Kutoka hapo mengine yanafuata yenyewe. Bajeti ya ziada isipunguze kifungu chochote cha jedwali hilo kabla ya kikao cha wazi, hata kama ni kifupi. Kifungu cha 223 kinairuhusu serikali kutumia fedha kwanza na kuja Bungeni kuomba idhini ndani ya miezi miwili, na sote tunajua kwamba anayeongezewa kwa njia hiyo amepunguziwa mwingine asiyekuwepo. Vifungu vya watoto, ambavyo leo vimetawanyika katika idara za elimu, afya, jinsia na huduma za jamii, vikusanywe katika kiambatisho kimoja hata kama kila idara itabaki na fungu lake, ili mzazi asilazimike kupekua mamia ya kurasa akitafuta neno mtoto. Na muhtasari huo uletwe kwa Kiswahili, ambacho Kifungu cha 7 kimekifanya lugha ya taifa na lugha rasmi, siku kadhaa kabla ya kikao. Katika kikao cha mwisho nilichohudhuria kulikuwa na nakala moja ya kitabu cha makadirio kwa watu wasiopungua mia moja, na ilikuwa mbele mezani, chini ya glasi ya maji ya afisa.

Katika kikao hicho alisimama mama mmoja mwenye mtoto mgongoni. Alitaka kujua choo cha chekechea ya mtaani kwake, ambacho kilisemwa kimetengewa fedha, kitajengwa lini. Afisa alimjibu kwa upole kwamba kipo katika bajeti. Akauliza tena: lini? Akaambiwa, mama, kipo katika bajeti. Alikaa chini, na katika orodha ya maoni iliyosomwa mwishoni swali lake liliandikwa hivi: mwananchi aliomba choo. Hakuomba choo. Choo alikwisha kuahidiwa, aliomba tarehe.

Waheshimiwa wawakilishi wadi, kwenu nina neno la ziada kwa sababu nyinyi ndio mlio karibu na watoto wadogo kuliko wote. Mpango wa chakula cha shuleni wa Dishi na County ulioanza mwaka 2023 umebadilisha mchana wa shule yetu kwa namna ambayo takwimu haziwezi kueleza. Mtoto anafika mbele ya foleni, anagusisha bangili yake ya mkononi, kifaa kinalia, anapewa sahani. Wapo waliokuwa wakijificha nyuma ya madarasa saa ya chakula ili wasionekane kwamba hawana, na sasa nawakuta kwenye foleni wakisukumana kama wenzao. Mzazi hulipa shilingi 5 kwa simu kabla ya mtoto kula, na gharama iliyobaki hubebwa na kaunti pamoja na mshirika wake, shirika la Food4Education. Naomba mtazame mpangilio huo kwa makini: mzazi, ambaye ndiye maskini kuliko wote katika mkataba huu, ndiye pekee anayelipa kabla. Haitakuwa dhuluma kaunti nayo ikitakiwa kuweka fungu lake kabla ya muhula kufunguliwa. Nafahamu kwamba kaunti nazo hungoja mgao kutoka Hazina ya Taifa, na kwamba mwaka 2024 mvutano juu ya mgao wa kaunti zote ulichukua miezi kabla ya kutua kwenye shilingi bilioni 387.4. Ndiyo sababu barua hii nimeiandikia mabunge mawili kwa wakati mmoja, ili kila mmoja asije akaniambia niende kwa mwenzake.

Kikao cha maoni ya umma cha eneo letu kimetangazwa kuwa saa nne asubuhi. Nitafika mapema, somo nimelipata, nikiwa na nakala za kurasa tatu za daftari langu, moja kwa kila muhula, ili kamati izilinganishe na kumbukumbu za Hazina. Majina ya wazazi nimeyafunika. Tarehe nimeziacha wazi. Naomba tu nipewe nafasi ya kuzungumza kabla ya saa sita, kwa sababu saa sita na nusu ni zamu yangu ya kusimamia foleni ya chakula.

Wenu katika utumishi,

Mweka hazina, chama cha wazazi,
Nairobi